React, Angular au Vue: nani ataamua ndani ya timu?

Kila timu inapoanza kujenga mfumo mpya wa wavuti, hoja moja hujitokeza mapema: upande wa mbele, yaani zile kurasa, fomu na vitufe anavyoviona mtumiaji, ujengwe kwa React, Angular, Vue au kitu kingine? Majibu hayakosekani. Video za mafunzo zinasema Angular imepitwa na wakati, matangazo ya kazi yanataka React, mwalimu wa chuo anaisifu Vue kwa wepesi wake, na haupiti muda mrefu kabla halijaibuka jina jipya linalodaiwa kuyafuta yote yaliyotangulia. Kijana anayeanza kazi anachanganyikiwa. Meneja wa mradi asiyeandika msimbo anachanganyikiwa zaidi, maana yeye ndiye atakayetia saini.

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu inatokana na jinsi swali linavyoulizwa. Watu wanauliza ipi ina kasi, ipi ni nyepesi, ipi ina wafuasi wengi. Kwa mtu mmoja anayejenga tovuti yake peke yake, vipimo hivyo vinatosha. Kwa timu ya watu watano au kumi na watano, ambao baadhi yao wataondoka kabla mfumo haujatimiza miaka mitatu, kipo kipimo kizito zaidi: fremuweki imeshaamua mambo mangapi kwa niaba ya timu, na yale iliyoyaacha wazi yataamuliwa na nani?

Zilikotoka

Mwaka 2006 John Resig alitoa jQuery, maktaba ya JavaScript iliyowaondolea watengeneza programu adha ya vivinjari vilivyotofautiana tabia. Ilifaa sana kwa kuficha kisanduku, kufungua menyu au kutuma fomu bila kupakia ukurasa upya. Haikusema lolote kuhusu mahali pa kuweka data ya skrini. Kurasa zilipogeuka kuwa programu kamili, data ileile ikaanza kuonekana sehemu nyingi kwa wakati mmoja: idadi ya bidhaa juu ya ukurasa, orodha yake katikati, jumla ya bei chini. Ukibadilisha moja ukasahau nyingine, mteja anaona bidhaa tatu na bei ya bidhaa mbili.

Fremuweki zilizaliwa kutibu tatizo hilo. AngularJS, iliyoanzishwa na Miško Hevery na kulelewa na Google, ilitoka 2010. React, kazi ya Jordan Walke wa Facebook, ilifunguliwa kwa umma Mei 2013. Vue ya Evan You, ambaye aliwahi kuitumia AngularJS akiwa Google, ilitolewa Februari 2014. Rich Harris akaleta Svelte mwaka 2016. Zote nne zinakubaliana katika jambo la msingi: wewe eleza skrini iweje data ikiwa hivi au vile, nayo fremuweki ihakikishe skrini inaifuata data kila inapobadilika.

Lakini kuchora skrini ni sehemu tu ya kazi. Programu halisi inahitaji njia ya kuhama kutoka ukurasa hadi ukurasa, utaratibu wa kuvuta data kutoka kwenye seva, mahali pa kutunza data inayotumiwa na skrini nyingi, ukaguzi wa fomu, majaribio na mpangilio wa mafolda. Hapo ndipo zinapoachana njia.

React: uhuru na gharama yake

React hujiita maktaba, na inasema kweli. Inashughulikia skrini, mengine yote yamo mikononi mwa timu. Uhuru huo ndio ulioisambaza haraka hivyo. Unaweza kuiingiza kwenye ukurasa mmoja wa mfumo mkongwe bila kuubomoa wote, na kwa kila hitaji kuna vifaa vya kuchagua, vingi vikiwa vizuri.

Sasa fungua mradi wa React wenye miaka mitatu, uliopitia mikono kadhaa. Folda ya wateja inatumia Redux kutunza data ya pamoja, maana ndiyo iliyokuwa ikifundishwa mradi ulipoanza. Folda ya malipo, iliyoandikwa na mtu wa pili, inatumia Context ya React yenyewe. Ripoti zimeandikwa na wa tatu, aliyependa TanStack Query. Kila chaguo lilikuwa na sababu nzuri siku lilipofanywa. Lakini karani akisahihisha jina la mteja kwenye ukurasa wa wasifu, ripoti inaendelea kuonyesha jina la zamani, kwa kuwa jina hilo sasa limehifadhiwa sehemu tatu zisizojuana. Tatizo lililokuwa limeiita fremuweki limerudi, na safari hii limeletwa na timu yenyewe.

Kosa hilo haliko ndani ya React. Limetokana na kukosekana kwa mtu mwenye mamlaka ya kusema: katika mradi huu data ya seva inavutwa hivi, na njia nyingine haipokelewi. Timu yenye kiongozi mzoefu anayepitia kila badiliko kabla halijaunganishwa haitafika huko. Timu isiyo naye itafika, na itafika bila kujua.

Upande wa pili wa mizani React ina sifa ambayo haitajwi vya kutosha: inaheshimu msimbo wa zamani. Mtindo mpya wa kuandika, unaoitwa Hooks, ulipoingia Februari 2019, komponenti, yaani vipande vinavyojenga skrini, za mtindo wa zamani wa madarasa ziliendelea kufanya kazi. Sababu ni ya kimaslahi: Facebook yenyewe ilikuwa na makumi ya maelfu ya komponenti za mtindo huo na haikuwa na mpango wa kuziandika upya. Anayeitumia React ananufaika na mzigo huo wa mwenye mali.

Ila mwenye mali alikuwa na maamuzi yake pia. Mwaka 2017 taasisi ya Apache iliizuia miradi yake kutumia React kwa sababu ya kifungu cha hataza kilichokuwa kwenye leseni. Kelele zikawa kubwa, na Septemba mwaka huohuo Facebook ikahamia leseni ya MIT isiyo na masharti hayo. Mfano wa karibu zaidi ni Create React App, kifaa cha kuanzishia miradi kilichotoka 2016 na ambacho wanafunzi wengi walikijua kama ndiyo React yenyewe. Februari 2025 kilitangazwa rasmi kuwa hakipendekezwi tena. Mwongozo rasmi sasa unamwelekeza anayeanza mradi mpya kwenye fremuweki zilizojengwa juu ya React, kama Next.js ya kampuni ya Vercel. Kwa hiyo “tumechagua React” si sentensi iliyokamilika tena. React ipi, juu ya nini, na nani anaiendesha?

Swali hilo lina uzito wa kiusalama. Next.js huendesha sehemu ya msimbo kwenye seva, na Desemba 2025 lilitangazwa tundu kubwa katika komponenti za React za upande wa seva, lililomwezesha mshambuliaji aliye mbali kuendesha msimbo wake ndani ya seva ya mwathirika. Marekebisho yalitoka mara moja. Lakini marekebisho hayajisakinishi. Timu iliyokabidhi mfumo kwa mteja na kwenda zake haikuwepo kuyaweka.

Angular: sheria zimeshaandikwa

Angular imechukua msimamo ulio kinyume. Njia ya kuhama kurasa, kuvuta data, kukagua fomu na mpangilio wa faili, vyote vinakuja pamoja na vina namna moja rasmi. TypeScript ni lazima, hivyo aina ya kila data inatamkwa na makosa mengi yanakamatwa kabla programu haijaendeshwa. Aliyetoka mradi mmoja wa Angular akaingia mwingine anajua atafute nini na wapi. Kwa mifumo ya benki, bima, hospitali na serikali, yenye fomu ndefu na watengenezaji wanaobadilika kila mkataba unapokwisha, hiyo ni faida isiyoonekana mwezi wa kwanza na inayookoa fedha mwaka wa tatu.

Bei yake inalipwa mwanzoni. Mgeni anajifunza TypeScript, kisha utaratibu wa kila sehemu ya programu kukabidhiwa vifaa inavyovihitaji badala ya kuvitafuta yenyewe, kisha RxJS, maktaba ya kushughulikia data inayokuja kama mkondo. Ni mengi kwa kijana aliyemaliza mafunzo ya miezi michache. Mambo yamelegezwa miaka ya karibuni: zile moduli zilizokuwa zikiwasumbua wengi zimeacha kuwa za lazima, na tangu 2023 zipo signali, njia nyepesi ya kufuatilia mabadiliko ya data. Tatizo dogo limezaliwa hapo. Mafunzo ya zamani na mapya yanaonekana kama ya fremuweki mbili tofauti, na anayenakili majibu bila kuangalia namba ya toleo anachanganya mitindo ndani ya faili moja.

Jina la Angular linabeba pia jeraha la 2016. Septemba mwaka huo Google ilitoa Angular 2, mrithi wa AngularJS, iliyoandikwa upya kabisa. Msimbo wa AngularJS haukuweza kuhamishwa kwa kubadilisha namba ya toleo. Ulihitaji kuandikwa upya, skrini kwa skrini. Google iliendelea kuihudumia AngularJS hadi mwisho wa Desemba 2021, muda wa kutosha kwa wenye bajeti, lakini wengi walitumia fursa hiyo kuhamia React. Wakongwe katika fani hawajasahau, na wanayo haki ya kukumbuka. Hata hivyo, kuihukumu Angular ya leo kwa tukio hilo ni kuacha nusu ya habari. Tangu hapo matoleo makubwa yanatoka takriban kila miezi sita, kwa hatua ndogo, na amri moja hurekebisha sehemu kubwa ya msimbo yenyewe.

Kinachotakiwa kuangaliwa ni kwamba kila toleo huhudumiwa kwa miezi 18 tu. Taasisi inayotenga fedha za kujenga mfumo bila kutenga za kuutunza itajikuta nje ya huduma ya usalama kabla ya mwaka wa pili kuisha. Ratiba ya Angular inatabirika, na kwa sababu hiyohiyo inadai nidhamu. Mkataba wa kujenga mfumo wa Angular usiotaja nani atapandisha matoleo ni mkataba wenye pengo.

Vue: katikati

Vue inasimama kati ya hizo mbili. Kiini chake ni kidogo kama cha React, lakini kwa mahitaji makuu timu yake inatoa vifaa rasmi: Vue Router kwa kurasa, Pinia kwa data ya pamoja, na Vite, ya Evan You mwenyewe, kwa kuandaa mradi. Komponenti moja ni faili moja yenye HTML, JavaScript na CSS yake, kila kitu sehemu yake. Aliyezoea kuandika kurasa za PHP anaisoma siku ya kwanza akaielewa. Laravel, fremuweki ya PHP, iliileta Vue ndani ya miradi yake kuanzia 2016, na kwa timu inayotumia Laravel kila siku huo ndio mlango wa karibu zaidi.

Udhaifu wake wa kihistoria ni kuhama kutoka Vue 2 kwenda Vue 3. Chanzo kilikuwa cha kiufundi na chenye mantiki. Vue 2 haikuweza kutambua kwamba data imeongezewa kipengele kipya hadi mwandishi aiambie kwa amri maalumu, na kusahau amri hiyo kulizaa skrini zisizobadilika bila kosa lolote kuonyeshwa. Vue 3, iliyotoka Septemba 2020, ilitibu hilo kwa uwezo mpya wa vivinjari, na ikalazimika kuiacha Internet Explorer 11. Mabadiliko yenyewe yalivumilika. Kilichowakwamisha watu ni maktaba walizozitegemea. Vuetify, inayotoa vitufe, majedwali na kalenda zilizokwisha kutengenezwa, ilitoa toleo lake rasmi la Vue 3 mwishoni mwa 2022. Timu iliyojenga skrini zake zote juu ya Vuetify ilisubiri miaka miwili, kisha ikabaki na mwaka mmoja na kidogo kabla Vue 2 haijafika mwisho wa huduma, 31 Desemba 2023.

Funzo hilo linaihusu fremuweki yoyote: unapochagua, unachagua pia maktaba zinazoizunguka, na mfumo wako utakwenda kwa mwendo wa ile iliyo nyuma kuliko zote.

Vue haimilikiwi na kampuni kubwa. Inaishi kwa wafadhili na michango. Wapo wanaoona hatari, kwamba mtu mmoja akichoka yote yataanguka. Wengine wanaona usalama, kwamba hakuna bodi ya kampuni inayoweza kuifunga kwa sababu ya faida. Wikimedia, wanaoendesha Wikipedia, waliichagua, na miaka zaidi ya kumi ya uhai inatosha kuipunguza hofu ya kwanza.

Svelte

Svelte hufanya kazi yake kubwa wakati msimbo unapoandaliwa, hivyo kivinjari hupokea msimbo mdogo. Inapendeza kuandika. Lakini toleo la 5 la Oktoba 2024 lilibadilisha namna ya kueleza data inayobadilika, na maktaba zake ni chache. Inafaa kwa timu ndogo yenye ujuzi, inayoweza kujitengenezea inachokosa.

Simu ya mtumiaji

Mabishano ya kasi huchukua muda mwingi kuliko yanavyostahili. Tofauti ya uzito kati ya fremuweki hizi kwa kawaida ni makumi ya kilobaiti baada ya kubanwa. Timu huongeza zaidi ya hapo bila kufikiri. Maktaba ya tarehe ya Moment, ikipakiwa pamoja na lugha zake zote, iliweza kuizidi uzito React 18 nzima, na mara nyingi iliingizwa ili kuandika tarehe moja chini ya risiti. Ongeza seti kamili ya ikoni ambazo zinatumika saba tu, na maktaba ya grafu inayopakiwa hata kwa asiyefungua ripoti.

Kwa mtumiaji wa Tabora au Kisumu anayenunua bando la siku na kutumia simu ya bei ya chini, gharama ni mbili: data inayoliwa, na muda ambao kichakata dhaifu kinautumia kusoma JavaScript kabla kitufe hakijaitika. Ofisini, kwenye kompyuta nzuri na Wi-Fi, gharama zote mbili hazionekani. Timu inayojali itanunua simu ya bei ya chini kabisa inayouzwa dukani, itaweka laini yenye bando la kawaida, na kila toleo litajaribiwa humo kabla ya kutolewa. Zoezi hilo litaokoa watumiaji wengi kuliko kubadilisha fremuweki.

Soko la kazi

Katika uchunguzi wa Stack Overflow wa 2024, karibu asilimia 40 ya waliojibu walisema wanatumia React. Angular ilikuwa na asilimia 17 na Vue 15. jQuery, inayodaiwa kufa, ilikuwa na 21. Takwimu hizi ni za dunia nzima na ni za waliojibu tu, lakini zinaeleza kwa nini meneja anaiona React kama chaguo salama: akiondoka mtu, mwingine atapatikana.

Hoja hiyo ina nguvu Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ambako watengenezaji wazoefu wanafuatwa na kampuni za nje zinazolipa kwa dola, na timu hubaki na vijana. Ila itazamwe kwa makini. Wanaojua React ni wengi, lakini kila mradi wa React una mpangilio wake, na mgeni atahitaji wiki kadhaa kujifunza maamuzi ya waliomtangulia, ambayo kwa kawaida hayakuandikwa. Wa Angular ni vigumu kuwapata, ila akishapatikana anaanza kazi mapema. Kwa hiyo idadi ya wataalamu sokoni inapima urahisi wa kuajiri. Urahisi wa kurithi kazi ya mwenzako ni jambo jingine, na kwa timu zinazopoteza watu mara kwa mara ndilo linaloumiza.

Je, inahitajika kweli?

Mifumo mingi haihitaji fremuweki ya upande wa mbele hata kidogo. Fomu ya usajili, orodha ya maombi, ukurasa wa kuidhinisha, tovuti ya habari: vyote vinaweza kutengenezwa na Laravel au Django kwenye seva, kisha maeneo machache yanayohitaji kubadilika bila kupakia ukurasa yakashughulikiwa na Livewire au htmx. Timu inabaki na msimbo mmoja na lugha chache, na mtu anayeondoka anaacha vitu vichache vya kueleza. Mfumo unaotenganisha mbele na nyuma unadai mikataba ya data kati ya pande mbili, ukaguzi wa fomu unaoandikwa mara mbili, na mara nyingi watu wa aina mbili.

Fremuweki inastahili gharama yake pale skrini inapobeba kazi nyingi: dashibodi inayobadilika kila sekunde, ramani, ratiba zinazoburutwa kwa kidole, au programu ya kukusanya data vijijini inayopaswa kuendelea kufanya kazi mtandao ukikatika na kutuma data ukirudi.

Mizani

Kwa timu kubwa, mfumo wenye fomu nyingi na taasisi yenye bajeti ya matunzo, Angular inastahili kupewa nafasi ya kwanza, hata kama si jina linalopendeza kwenye mitandao. Kwa timu ndogo inayotoka kwenye PHP, au isiyo na kiongozi mzoefu wa upande wa mbele, Vue pamoja na vifaa vyake rasmi inaacha maamuzi machache ya kugombania na haimtishi anayeanza. React iende kwa timu yenye mtu wa kuweka sheria na kuzisimamia, au inayohitaji maktaba ambazo kwingine hazipo. Timu hiyo iandike sheria zake kabla ya komponenti ya kwanza: ukurasa mmoja unatosha, ukitaja kifaa cha kila kazi, sababu ya kukichagua, na jina la mwenye ruhusa ya kukibadilisha. Next.js ichaguliwe pale tu ambapo yupo mtu wa kuweka marekebisho ya usalama siku yanapotoka.

Timu ambazo tayari zina mifumo ya AngularJS au Vue 2 ndizo zilizo kwenye hali ngumu zaidi, na ushauri wa “andikeni upya yote” unaziumiza. Kuandika upya kunasimamisha kazi kwa miezi, wateja wanasubiri, na tabia ndogondogo za mfumo wa zamani ambazo hakuna aliyeziandika zinapotea. Njia inayovumilika ni kuuacha wa zamani ukiendelea, skrini mpya zikajengwa kwa fremuweki mpya chini ya anwani ileile, kisha skrini za zamani zikahamishwa moja moja, zikianza zile zinazoguswa mara nyingi. Skrini ambayo haijabadilishwa kwa miaka miwili na haipokei data kutoka nje ya ofisi isubiri hadi mwisho.